Usonji na uchumba: kipi cha kujifunza, kipi cha kuacha kuigiza

Katika uchumba wa Waswahili, neno “nitafikiria” mara nyingi halina fikra yoyote ndani yake. Anayeambiwa hivyo, kama masikio yake yamezoea mafumbo, huelewa kwamba amekataliwa kwa staha, hushukuru, akaondoka na heshima yake. Mtu mzima mwenye usonji anaweza kulisikia neno hilohilo na kulichukua kama lilivyo: mwenzake anahitaji muda wa kufikiri, basi ni adabu kumpa muda huo, na baada ya wiki mbili ni haki kurudi kumuuliza amefikia wapi. Anaporudi hukutana na uso uliokunjwa, na huenda akaitwa king’ang’anizi. Hajavunja kanuni aliyoijua. Amevunja kanuni ambayo hakuna aliyewahi kumtamkia.

Maneno ya aina hiyo ni mengi. “Tutaonana” yaweza kuwa ahadi au kuagana tu, na “wewe ni kama kaka yangu” ni mlango uliofungwa kwa upole. Wala si maneno ya mdomo peke yake: kanga aliyoivaa mwanamke siku fulani inaweza kuwa na jina lililokusudiwa mtu mmoja katika ua mzima, na wengine wote wakapita bila kujua. Jamii inayolienzi fumbo kiasi hiki imewalea watu wake wengi katika sanaa ya kusikia kisichosemwa, na papo hapo imewawekea ukuta wale ambao akili zao husikia kilichosemwa.

Usonji si ugonjwa unaompata mtu ukubwani, wala si hali inayokwisha utoto unapokwisha. Ni namna ubongo ulivyokua tangu mwanzo, nayo hugusa mawasiliano na watu, jinsi milango ya fahamu inavyopokea sauti, mwanga, harufu na mguso, haja ya kuwa na utaratibu unaotabirika, na mvuto mkubwa kwa mambo machache yanayopendwa kwa kina. Daktari Leo Kanner alipoieleza hali hii mjini Baltimore mwaka 1943, aliandika kuhusu watoto 11, na tangu hapo sura ya mtoto ndiyo iliyobaki vichwani mwa watu. Lakini mtoto wa kwanza katika maelezo yake, Donald Triplett, alikua, akasoma chuo kikuu, akafanya kazi benki katika mji wake mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi, akacheza gofu, akatembea nchi nyingi, na akafariki mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 89. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 takriban mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Wengi wao ni watu wazima, na kwetu Afrika Mashariki wengi wa watu wazima hao hawajawahi kufanyiwa tathmini. Wanajijua tu kuwa ni “wapole mno”, “wagumu”, au “watu wa peke yao”.

Ipo dhana kwamba watu hao hawana haja ya mapenzi. Watafiti wa Ujerumani waliochapisha matokeo yao mwaka 2017 waliwauliza watu wazima 229 wenye usonji, kutoka kundi linaloweza kujieleza vizuri kwa maneno: asilimia 73 walisema wamewahi kuwa katika uhusiano wa kimapenzi, na asilimia 7 tu ndio waliosema hawataki kabisa. Kwa hiyo shauku ipo. Kinachowatatiza wengi ni njia ya kufika, na hapo ndipo ushauri unapomiminika: jirekebishe, changamka, mtazame mtu machoni, usiongee sana, usinyamaze sana.

Ushauri huo huchanganya mambo mawili ambayo yanapaswa kutenganishwa kabla mtu hajaanza kujifunza chochote. Moja ni stadi, yaani kujua namna ya kumfanya mwenzako akuelewe nawe umwelewe. La pili ni maigizo, yaani kuficha jinsi ulivyo ili mwenzako asigundue. Kwa nje yanafanana, kwa sababu yote mawili hubadilisha tabia. Kwa ndani ni vitu viwili tofauti kabisa, na anayeyachanganya anaweza kutumia miaka kumi ya jitihada akijenga uhusiano ambao hawezi kuishi ndani yake.

Kutoelewana kuna pande mbili

Kwa muda mrefu wataalamu waliueleza ugumu wa kijamii wa watu wenye usonji kama upungufu ulio ndani ya mtu mmoja. Mwaka 1985, Simon Baron-Cohen, Alan Leslie na Uta Frith walichapisha jaribio lililotumia wanasesere wawili: wa kwanza anaweka gololi ndani ya kikapu na kutoka, wa pili anaihamishia ndani ya kisanduku, kisha mtoto anaulizwa yule wa kwanza akirudi ataitafuta wapi. Watoto 16 kati ya 20 wenye usonji walionyesha mahali gololi ilipo kweli, badala ya mahali ambapo mwenyewe angedhani ipo. Kutokana na kazi kama hiyo ilienea rai kwamba mwenye usonji hawezi kujiweka katika nafasi ya mwingine, na rai hiyo ilipotoka maabara na kuingia mitaani ikawa mbaya zaidi: kwamba hana huruma, hana mapenzi, hana moyo.

Kutambua kilichomo akilini mwa mtu kutokana na uso wake ni jambo moja. Kuumia kwa sababu mtu huyo anaumia ni jambo jingine. Watu wengi wenye usonji hupata shida na la kwanza, ilhali la pili huwapata kwa nguvu hadi wakazidiwa na kunyamaza, kisha kunyamaza kwao kukachukuliwa kuwa ubaridi. Mke anayelia na kumwona mumewe amesimama kama mti anaweza kuamini kwamba hajali, wakati mume huyo amejaa hofu na hajui afanye nini kati ya kumshika, kumwacha, kumletea maji au kumwita dada yake.

Mwaka 2012, Damian Milton, msomi wa sosholojia wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika hoja iliyobadilisha mjadala. Alisema kutoelewana hutokea kati ya watu wawili wenye namna tofauti za kuuhisi ulimwengu, na kwamba asiye na usonji naye hushindwa kumwelewa mwenye usonji, ila kushindwa kwake hakupewi jina la ugonjwa. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake wa Chuo Kikuu cha Edinburgh waliijaribu hoja hiyo kwa msururu wa watu wanane wanaopashana hadithi, wa kwanza akimsimulia wa pili, wa pili wa tatu, hadi mwisho. Misururu ya watu wenye usonji watupu iliihifadhi hadithi sawa na ile ya watu wasio na usonji. Maelezo yalipotea zaidi katika misururu ya mchanganyiko. Utafiti mkubwa zaidi uliochapishwa mwaka 2025 haukuukuta tena upungufu huo wa mchanganyiko, na ni vizuri jambo hilo lisemwe wazi. Lakini nao haukuwakuta wenye usonji wakiwa nyuma katika kupashana habari.

Kwa anayetafuta mwenza, utafiti ninaouona kuwa muhimu kuliko yote ni wa Noah Sasson wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Dallas na wenzake, uliotoka mwaka 2017. Watu walionyeshwa vipande vifupi vya video au sauti za watu wazima wenye usonji na wasio nao, bila kuambiwa nani ni nani. Ndani ya sekunde chache waliwapa wenye usonji alama za chini, na wakasema wasingependa sana kukaa nao wala kuzungumza nao. Lakini walipopewa maandishi ya maneno yaleyale, bila sura wala sauti, tofauti hiyo ilitoweka. Yaliyosemwa hayakuwa na kasoro. Kilichohukumiwa ni namna sauti inavyopanda na kushuka, mahali macho yanapoangalia, mwendo wa mikono. Faida yake ni ya papo hapo: kwa mtu wa namna hii, kuanza kufahamiana kwa maandishi, iwe kwa ujumbe wa simu au kwa barua, si woga wala ujanja, bali ni kuchagua njia ambayo mtu anasikilizwa kabla hajahukumiwa.

Mambo haya yalikuwa yakifundishwa

Wapo wanaosema kwamba mapenzi hayafundishwi, ama unayo ama huna. Pwani ya Afrika Mashariki haikuamini hivyo hata siku moja. Binti aliyekaribia kuolewa alikuwa na somo au kungwi wake, mwanamke aliyepewa kazi ya kumweleza kwa maneno ya wazi, bila aibu, mambo ya mwili, ya nyumba na ya kuishi na mume. Wavulana katika jamii nyingi walikuwa na jando. Na mwanamume aliyetaka kuoa hakuhitaji kusimama njiani akibahatisha tabasamu. Alikuwa na mshenga, mtu mzima anayejua lugha ya pande zote mbili, aliyepeleka posa na kurudi na jibu. Swali lilikuwa bayana, jibu lilikuwa bayana, na kiasi cha mahari kilitajwa.

Nayaeleza haya kwa sababu yanaonyesha kwamba mtu mwenye usonji anapoomba aelezwe kanuni za uchumba, haombi kitu cha ajabu. Anaomba kile ambacho mababu walikiona kuwa haki ya kila kijana. Kilichobadilika ni kwamba uchumba umehamia mahali pasipo na mshenga wala somo, ambapo kila mtu anatarajiwa kusoma dalili mwenyewe. Sehemu zile za maisha ya Kiswahili zilizobaki na kanuni zinazotamkwa huwa nafuu kubwa kwa mtu huyu. Anayempa mkubwa wake “shikamoo” anajua kwamba atajibiwa “marahaba”. Anayefika nyumba ya watu anapiga hodi, anasubiri akaribishwe, na asipojibiwa mara ya tatu anarudi kwake bila kinyongo. Shida huanza pale ambapo maneno yaliyopangwa yanaisha na mazungumzo yasiyo na ramani yanaanza.

Mafunzo ya kisasa yanayojulikana zaidi katika eneo hili yalianzishwa na Elizabeth Laugeson na Fred Frankel katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kwa jina la PEERS. Toleo la vijana wa utu uzima huchukua wiki 16, na kila mshiriki huja na msaidizi, mara nyingi mzazi, ndugu au mwenza, anayefundishwa kando ili amsaidie kufanya mazoezi nyumbani. Ukiitazama vizuri, hiyo ni kazi ya somo na mshenga iliyorudi kwa njia ya darasa. Sifa yake kubwa ni kwamba hayafundishi yale ambayo wazee hudhani yanafaa, bali yale ambayo watu wanaokubalika katika jamii hufanya kweli. Kwa mfano, mtu anayetaka kujiunga na mazungumzo ya kundi kwa kawaida huambiwa aende ajitambulishe. Mafunzo haya humwambia kinyume: sikiliza kwanza kwa mbali, jua wanazungumzia nini, sogea, subiri kituo, kisha sema jambo linalohusu hichohicho wanachokizungumzia, ukiona hawakugeukii, ondoka taratibu. Yeyote aliyewahi kuketi barazani anajua kwamba ndivyo mgeni mwenye adabu anavyoingia. Tofauti ni kwamba yeye hakumbuki alijifunza lini.

Somo jingine la mafunzo hayo ni la kupokezana: uliza, sikiliza, kisha toa chako kinacholingana na ulichoambiwa, mpaka mpate jambo mnalolipenda wote wawili. Hapa mtu mwenye usonji huweza kukosea kwa njia mbili zilizo kinyume, ama kuuliza maswali mfululizo kama karani wa uhamiaji, ama kueleza jambo analolipenda kwa dakika arobaini. Mapenzi yake makubwa kwa jambo hilo si adui. Aliyezama katika bao, sataranji, ushonaji, kwaya, kompyuta au historia ya meli za majahazi ana mahali pa kukutana na watu ambapo mazungumzo tayari yana mada na kanuni, na mahali hapo panafaa kuliko harusi au kituo cha daladala. Wale walioulizwa Ujerumani ambao wenza wao nao walikuwa na usonji waliridhika zaidi na uhusiano wao kuliko wengine, jambo linaloonyesha kwamba kutafuta anayefanana nawe ni njia ya maana kama ilivyo njia ya kujifunza lugha ya wengi.

Hata hivyo mafunzo yaliyoandikwa California hayafai kubebwa mazima. Madarasa mengi ya stadi za kijamii ya nchi za Magharibi husisitiza kumtazama mtu machoni. Kwa wengi wenye usonji, kutazamana machoni huleta mchomo wa ndani na huwaondolea uwezo wa kusikiliza, na kwetu kuna mahali pengi ambapo kuinamisha macho mbele ya mkubwa au mbele ya wakwe watarajiwa ndiyo heshima yenyewe. Kumlazimisha kijana wa Pemba ajifunze kumkazia macho baba wa mchumba wake ni kumfundisha utovu wa adabu kwa maumivu.

Gharama ya kujificha

Mwaka 2017 Laura Hull na wenzake wa London walichapisha maelezo ya watu wazima wenye usonji kuhusu jinsi wanavyojificha mbele ya watu. Walitaja kukariri vichekesho, kuiga lafudhi na mikono ya mtu mwingine, kujilazimisha kutabasamu, kuzuia miondoko inayowatuliza, na kupanga mazungumzo mazima kichwani kabla ya kutoka nyumbani. Sababu kubwa waliyoitoa ni kutaka kukubalika na kupata watu wa karibu. Matokeo waliyoyataja ni uchovu mkubwa, na hisia kwamba wanaopendwa si wao. Mwaka uliofuata Sarah Cassidy na wenzake, nao wa Uingereza, waliona kwamba kadiri mtu alivyojificha zaidi ndivyo mawazo ya kujiua yalivyokuwa makubwa zaidi. Si jambo la kupuuza.

Katika uchumba gharama hiyo ina sura yake ya pekee. Mtu anayejificha kwa saa tatu za chakula cha jioni hurudi nyumbani akalala siku nzima. Akifanikiwa, mwenzake anampenda yule wa saa tatu. Kisha wanaoana, na sasa maigizo yanatakiwa yaendelee mchana na usiku, pamoja na shemeji wanaokuja bila taarifa, redio ya jirani, harufu ya udi iliyowashwa kwa ajili ya kumpendeza na inayompasua kichwa. Hawezi. Baada ya miezi michache maigizo yanaanguka, na mwenzake, kwa haki kabisa, anasema: “Umebadilika.” Hakubadilika, ndiyo kwanza ameonekana. Wanawake hupata taabu hii kwa uzito zaidi, kwa sababu msichana hufundishwa mapema kuwa mtulivu, mtabasamu na msikivu, na usonji wake hufunikwa na sifa hizohizo hadi mwenyewe asiujue.

Ninachotumia kutenganisha stadi na maigizo ni swali moja: je, jambo hili linamsaidia mwenzangu kunijua zaidi au linamzuia? Kujifunza kusema “nikinyamaza sijakasirika, nimechoka na kelele” ni stadi. Kujifunza kucheka wakati kichwa kinapasuka ni maigizo. Kuoga, kupiga mswaki na kuvaa nguo safi ni stadi ya kawaida inayomhusu kila mtu. Kama sabuni yenye manukato inamkera ngozi na pua, atafute isiyo na manukato, na hapo hakuna jingine la kujadili.

Kuuliza na kulipokea jibu

Mitaani vijana wa kiume hufundishwa kwamba mwanamke hukataa mara ya kwanza kwa sababu ya haya, na kwamba anayependa kweli hakati tamaa. Ushauri huu ni mbaya kwa kila mtu, na kwa mtu anayezichukua kanuni kwa uzito na kuzifuata mpaka mwisho ni hatari. Atarudi, atapiga simu, atasubiri nje ya ofisi, akiamini kwamba anafanya inavyotakiwa, mpaka siku atakapoogopwa kweli. Kwa hiyo kanuni inayofaa iwe fupi na isiyo na fumbo. Uliza mara moja, kwa maneno yanayoeleweka: “Ningependa tukanywe chai pamoja Jumamosi, nikufahamu zaidi. Ungependa?” Jibu lolote lisilo ndiyo ya wazi, lichukue kuwa hapana. “Nitafikiria” ni hapana. “Nimebanwa” bila kutaja siku nyingine ni hapana. Kutojibu ujumbe ni hapana. “Jumamosi sitaweza, labda Jumapili?” ni ndiyo. Kwenye mlango wa nyumba hodi ni tatu. Kwa mtu mwenyewe, moja inatosha. Mara chache sana utakosea kwa kumwacha mtu aliyekuwa bado anafikiri kweli, naye akikutaka anajua pa kukupata.

Kanuni hii ina upande wa pili ambao hautajwi. Anayekataa naye ana wajibu, pale anapojiona yuko salama, wa kukataa kwa maneno yanayoeleweka. “Nashukuru, lakini sitaki uhusiano nawe” si ukatili. Kwa mtu mwenye usonji ni fadhila kubwa kuliko “nipe muda” linalomwacha wiki nyingi akihesabu siku.

Ridhaa nayo haiishi siku ya kwanza. Tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba wanawake wenye usonji hukumbwa na ukatili wa kingono kwa kiwango cha juu kuliko wanawake wengine. Sehemu ya sababu naiona katika malezi: mtoto aliyelazimishwa kuvumilia kukumbatiwa na kila mgeni, kwa kuwa kukataa ni utovu wa adabu, amefunzwa miaka yote kwamba mwili wake ukisema hapana asiusikilize. Mtu mzima wa aina hii anahitaji kujifunza upya kwamba anaweza kubadili nia katikati, kwamba hahitaji sababu, na kwamba mtu anayekasirishwa na hapana yake amekwisha kumpa habari muhimu kuhusu tabia yake.

Kuna pia matapeli. Uaminifu wa mtu asiyesema uongo humfanya aamini kwamba wengine nao hawasemi. Kila mtu Dar es Salaam na Nairobi amesikia habari za “kula nauli”: unamtumia mtu pesa kwa simu ili aje, kisha simu yake inazimwa. Kwa mwenye usonji hadithi haiishii kwenye nauli, inaendelea hadi vocha, kodi ya nyumba na mgonjwa wa kijijini, kwa sababu kila ombi linakuja na maelezo yanayoonekana kuwa na mantiki. Hapa pia kanuni isiyobadilika inasaidia kuliko kupima nyuso: hakuna pesa kwa mtu ambaye hatujaonana ana kwa ana, mkutano wa kwanza mahali penye watu na mchana, na ndugu mmoja anayejua niko wapi. Ndugu huyo awe pia mtu wa kuonyeshwa ujumbe usioeleweka na kuulizwa, “Hapa amemaanisha nini?” Huyo ndiye mshenga wa siku hizi.

Kuhusu mahali pa kukutana, chaguo la mwenye usonji lina uzito sawa na la mwenzake. Baa yenye muziki mkubwa itamnyang’anya nusu ya akili yake. Matembezi ya alasiri ufukweni, ambapo watu hutembea bega kwa bega bila kulazimika kutazamana, au mgahawa wakati wa utulivu, humwacha awe mtu anayeweza kusikiliza. Kuweka muda wa kumaliza tangu mwanzo, saa moja na nusu kwa mfano, humwondolea wasiwasi wa kubahatisha ni lini inafaa kuaga.

Jambo moja humgombanisha mwenye usonji na mwenza wake kuliko mengine yote, nalo ni swali la “unajisikiaje?” Peter Sifneos, daktari wa akili mzaliwa wa Ugiriki aliyefanya kazi Boston, aliunda miaka ya mwanzo ya 1970 neno aleksithimia, kwa maana ya kukosa maneno ya kuzitaja hisia za nafsi. Uchambuzi wa tafiti uliotolewa mwaka 2019 ulikuta hali hiyo kwa takriban nusu ya watu wenye usonji, wakati kwa wengine ni karibu asilimia 5. Hisia zipo, ila jina lake halipatikani kwa haraka. Kiswahili kina hazina hapa ambayo lugha nyingine huenda zisiwe nayo kwa wingi huu, kwa kuwa tangu zamani kimezitaja hisia kwa viungo: tumbo joto, moyo kwenda mbio, nyongo kupanda, mwili kufa ganzi. Mtu anaweza kuanza na kile anachokiona mwilini mwake, akakisema hivyohivyo, na jina la hisia likaja baadaye. Wenza wanaweza kukubaliana kwamba swali lililoulizwa usiku laweza kujibiwa kesho yake kwa maandishi, na kwamba kuchelewa huko si kukwepa.

Swali la mwisho ni lini mtu aseme kwamba ana usonji. Kikundi cha Sasson kilionyesha mwaka 2019 kwamba watu huwapokea vizuri zaidi wenye usonji wanapoambiwa hali yao, hasa kama wasikilizaji wenyewe wana ujuzi kuhusu usonji. Sharti hilo la ujuzi ndilo linalotatiza kwetu, kwa sababu wengi wanaposikia neno hili humfikiria mtoto asiyezungumza. Mimi naona ni bora kuanza na mambo yenyewe kabla ya jina: sauti nyingi hunichosha, napenda kujua mapema tunakwenda wapi, maneno ya mzunguko hunipita, niambie moja kwa moja. Jina lije baada ya hapo, na lije kabla ya posa. Familia zinazoficha usonji wa kijana wao hadi mahari yapokelewe, zikitumaini kwamba ndoa itamponya, humdhulumu yeye na humdhulumu anayeolewa naye. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unatambua katika kifungu cha 23 haki ya kuoa na kujenga familia kwa ridhaa huru na kamili ya wanaooana. Ridhaa ya mtu aliyefichwa jambo kubwa kama hili haijakamilika, na ya kijana aliyeozwa ili “atulie” nayo haijakamilika.

Siku ya arusi yenyewe huwa mtihani mkubwa: ukumbi wenye spika kubwa, mamia ya watu wanaotaka kumkumbatia bwana na bibi arusi, taa za kamera, saa nyingi za kutabasamu. Ni vyema wenza na wazee wakumbushwe kwamba hakuna sheria inayodai hayo. Nikahi inahitaji wenye kuoana, walii, mashahidi wawili na maneno ya kuozesha na kukubali. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya hiari na mashahidi wasiopungua wawili. Ndoa inaweza kufungwa asubuhi sebuleni kwa mama, mbele ya watu kumi na wawili wanaojua kwamba bwana arusi hapendi kukumbatiwa, na mshenga akapewa kazi moja ya ziada, ya kuwaeleza wageni jambo hilo mlangoni kabla hawajaingia.